Si kila kiitwacho dawa ni dawa

Neno dawa limebebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni kile kinachoponya. Lilipofika pwani hii lilikuta kazi nyingi zinalisubiri, nalo halikukataa hata moja. Leo mtu akishuka matatu hapa Bamburi Mtambo, akaingia dukani na kusema "Nipe dawa", mwenye duka hataweza kumwuzia kitu mpaka amwulize: ya nini? Ipo dawa ya kichwa na dawa ya kifua, hilo halina shaka. Lakini ipo pia dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya kunguni, dawa ya panya, dawa ya mchwa, dawa ya nywele, dawa ya choo na dawa ya maji. Nguzo ya umeme iliyosimama nje ya duka hilo ni mti uliotiwa dawa. Ukivuka mpaka kule Lungalunga utasikia hata dawa ya viatu.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa semantiki kazi ya kukusanya kila tungo inayoanza na "dawa ya" waliyoisikia nyumbani kwao, kisha waziainishe. Yalitokea makundi matatu. La kwanza ni la vitu vinavyomponya mtu au mnyama. La pili ni la vitu vinavyoua: mdudu, panya, magugu. La tatu ni la vitu vinavyobadilisha sura au hali ya kitu: nywele zikanyooka, ubao usioze, rangi ikauka upesi. Kundi la kwanza, ambalo ndilo lenye neno lake kwa haki ya asili, halikuwa refu kuliko mengine. Katika makundi mawili ya mwisho neno limebakia na harufu ya tiba, ilhali kitu chenyewe kimekwisha kuwa kitu kingine kabisa.

Msomaji ana haki ya kuniuliza mwalimu wa isimu anatafuta nini katika habari hizi. Jibu langu ni kwamba watu hukishika kitu kwa namna wanavyokiita. Kiitwacho sumu huwekwa juu ya kabati, mbali na watoto, na aliyekigusa hunawa mikono. Kiitwacho dawa hushikwa kwa mkono mtupu. Na miongoni mwa viungo vya mwili vinavyolipia mazoea hayo kimo kimoja ambacho sisi watu wazima wa pwani tunaona haya hata kukitaja. Nacho ni kibofu cha mkojo.

Kabla ya kuendelea, niondoe dhana moja. Mtu akitaja kemikali katika mji huu wa Bamburi, macho yote hugeukia kiwanda cha saruji. Si ajabu. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl, kikaanza kutoa saruji mwaka 1954, na jina lenyewe la Mtambo linatukumbusha mashine. Machimbo yake ya mawe ya matumbawe, ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971, yamekuwa msitu unaotembelewa na watalii. Vumbi la saruji lina madhara yake, lakini madhara hayo ni ya kifua na macho. Na saruji mbichi huunguza ngozi ya fundi anayeikoroga bila glavu. Kwa habari ya kibofu, hapo sipo mahali pa kwanza pa kutazama. Tutazame karibu zaidi na nyumbani: gereji ya kando ya barabara, saluni, paketi ya sigara na kisima.

Kwanza, kibofu chenyewe. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarejesha karibu yote mwilini na kuacha kiasi cha lita moja na nusu iwe mkojo. Mkojo huo hukaa kibofuni, mfuko wenye uwezo wa kubeba kama mililita 400 au 500, ukisubiri mwenyewe apate nafasi. Jambo lenye uzito hapa ni kule kusubiri. Kemikali ambayo ilipita katika damu kwa haraka, na ambayo ini ilijitahidi kuigeuza ili itoke, hufika kibofuni imekusanyika, kisha hukaa saa nyingi ikigusana na utando wa ndani. Dereva wa matatu anayetoka Mtwapa hadi mjini huku akijizuia, mama muuza mboga asiye na choo karibu na meza yake, mlinzi wa usiku asiyekunywa maji ili asiache lango: hao wote, katika joto hili la Mombasa linalotutoa jasho na kuufanya mkojo kuwa mzito, huipa kemikali muda mrefu wa kukaa na utando huo.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1895, daktari mpasuaji wa Ujerumani aitwaye Ludwig Rehn alieleza mbele ya wenzake kwamba amekuta uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi watatu wa kiwanda kimoja cha rangi ya fuksini, rangi nyekundu inayotengenezwa kutokana na anilini. Watu hao walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Wengi hawakutaka kumsadiki. Viwanda vya rangi vilikuwa fahari ya Ulaya na vilileta fedha nyingi. Ilipofika mwaka 1938, Wilhelm Hueper na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mbwa waliolishwa kemikali iitwayo beta-naftilamini walipata saratani ya kibofu. Mwaka 1954 Robert Case na wenzake walichapisha hesabu za wafanyakazi wa viwanda vya rangi vya Uingereza, na hapo ubishi ukakosa pa kusimamia. Hata hivyo sheria ya Uingereza ya kukataza kemikali hizo kiwandani ilitoka mwaka 1967. Tangu Rehn aseme hadi sheria iandikwe ilipita miaka 72.

Kemikali za jamii hiyo huitwa amini aromatiki, na beta-naftilamini na benzidini ndizo mashuhuri kwa ubaya. Sifa yao iliyowachelewesha watu kuzitambua ni subira. Mtu huzishika akiwa na miaka 25, akaugua akiwa na 55 au 60, baada ya kuacha kazi, baada ya kiwanda kufungwa, na pengine baada ya mwajiri kufariki. Mgonjwa hawezi kuunganisha mambo mawili yaliyotengana kwa miaka 30, na daktari asiyemwuliza alikuwa akifanya kazi gani ujanani hawezi kumsaidia kuyaunganisha.

Si muda mrefu nilisimama kwenye gereji moja hapa Bamburi nikimtazama kijana akipuliza rangi kwenye mlango wa gari. Alijifunga kitambaa puani, kitambaa cha kawaida cha kufutia jasho. Alipomaliza alimimina thina kiganjani akaosha mikono yake yote miwili mpaka viwiko, kama mtu anayetia udhu. Nikamwuliza kama haimwashi. "Ah, Ami, hii ni dawa tu ya kutoa rangi," akanijibu, na akatabasamu kwa adabu, kama tunavyomtabasamia mzee aliyeuliza swali lisilokuwa na maana.

Kijana huyo hajui, na sijui nani angemwambia, kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeiweka kazi ya kupaka rangi katika daraja la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu, na kibofu ni kimoja kati ya viungo vilivyotajwa. Si rangi fulani wala kopo fulani, bali kazi yenyewe, kwa jinsi inavyomkutanisha mtu na vumbi, mvuke na vimumunyishi mwaka hadi mwaka. Simwambii aache kazi. Kazi ndiyo inayomlisha yeye na mama yake. Ninachodai ni kwamba apate glavu, apate barakoa ya kuchuja mvuke badala ya kitambaa, asioshe mikono kwa thina, na kopo lake limwambie hayo kwa lugha anayoisoma.

Saluni nazo ziko hali kadhalika, ingawa hapa lazima tupime maneno yetu kwa mizani. Shirika hilo hilo la Lyon, katika uchambuzi lililouchapisha mwaka 2010, lilisema kwamba kazi ya msusi na kinyozi huenda inasababisha saratani, na ushahidi uliotajwa ni wa kibofu, kwa sababu watu hao hushika rangi za nywele kila siku. Kuhusu mteja anayepaka rangi nywele zake mwenyewe, lilisema ushahidi haukutosha kumhukumu. Tofauti hiyo ni muhimu. Bibi harusi anayepakwa piko mara moja maishani si sawa na mpakaji anayekoroga piko kila Alhamisi na Ijumaa kwa miaka ishirini bila glavu.

Nimetaja piko, na hapa nitakawia kidogo, maana jambo hili ni letu. Hina ni jani. Husagwa, hukorogwa, hupakwa, na rangi yake ni ya machungwa au nyekundu iliyoiva. Piko ni nyeusi, na weusi huo hautoki kwenye jani lolote. Hutoka kwenye rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Katika mazungumzo ya wanawake wetu viwili hivi hutajwa pamoja, "hina na piko", kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na ndugu huyu wa pili amefaidi heshima ya wa kwanza. Hina ina mapokeo, ina baraka, imo katika desturi zetu za ndoa na za Idi. Piko imeingia kwenye sherehe kwa mlango huo huo. Madaktari wanajua vizuri madhara yake ya ngozi: uvimbe na malengelenge, ambayo huweza kuacha alama. Kule Sudan, ambako unga huo huchanganywa na hina, watu waliounywa, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, wamepoteza figo zao na maisha yao. Saratani ya kibofu kwa bibi harusi haijathibitishwa, na sitaki mtu aninukuu nikisema imethibitishwa. Lakini mpakaji na avae glavu.

Wapo pia wanaotia rangi ukili wa mikeka na vitambaa. Rangi wanazotumia huuzwa kwa paketi ndogo za unga, na aghalabu kilichoandikwa ni jina la rangi tu: nyekundu, kijani, zambarau. Umoja wa Ulaya ulikataza mwaka 2002 nguo na ngozi zenye rangi za azo zinazoweza kutoa amini hizo mbaya. Mama anayechemsha sufuria ya rangi uani kwake hana njia ya kujua kama unga alionao ungeruhusiwa au ungekataliwa huko.

Hata hivyo ningekuwa nawadanganya wasomaji kama ningewaacha wakidhani kwamba adui mkubwa wa kibofu ni gereji au piko. Adui mkubwa ni sigara. Karibu nusu ya saratani zote za kibofu katika nchi zilizofanya hesabu hutokana na tumbaku, na mvutaji anakabiliwa na hatari ya takriban mara tatu kuliko asiyevuta. Moshi wa sigara una zile zile amini za viwanda vya rangi, ikiwemo beta-naftilamini. Watu wakisikia sigara hufikiria mapafu, kwa kuwa moshi huingia kifuani wakiuona. Hawaoni safari ya pili, ile ya kutoka mapafuni kuingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu kupitia figo hadi kibofuni. Na wale wanaovuta huku wakitafuna miraa barazani mpaka usiku wa manane wana shida ya ziada, kwani watafiti walioichunguza miraa miaka ya 1990 walikuta kwamba hubana mlango wa kibofu na kupunguza kasi ya mkojo. Mkojo unachelewa kutoka wakati ule ule moshi unapoingia.

Tuje kwenye maji, ambayo Bamburi, Kisauni na vitongoji vyao ni habari ya kila siku. Mabomba hukauka, na watu hunywa maji ya visima au ya mitungi ya lita 20 inayosukumwa kwenye mikokoteni. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, yenye matundu kama sifongo, na katika uwanja mmoja mara nyingi mna kisima upande huu na choo cha shimo upande ule. Kinachovuja kutoka chooni si vijidudu pekee. Ni pamoja na naitreti, ambayo haionekani, hainuki, na haiondoki kwa kuchemsha. Naitreti inaponywewa huweza kugeuka tumboni kuwa misombo inayotiliwa shaka kuhusu saratani, na shirika la Lyon limeiweka katika daraja la pili, la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, pale mazingira ya mwili yanaporuhusu mageuzi hayo.

Kwa aseniki hakuna tena shaka. Mji wa Antofagasta, kaskazini mwa Chile, ulibadilisha chanzo chake cha maji mwaka 1958 na kunywa, hadi mtambo wa kusafisha ulipojengwa mwaka 1970, maji yenye aseniki zaidi ya mara 80 ya kiwango kinachokubaliwa leo na Shirika la Afya Duniani, yaani mikrogramu 10 kwa lita. Maji yalipokuwa safi watu walidhani yamekwisha. Vifo vya saratani ya kibofu viliendelea kuwa vingi katika mji huo kwa miongo kadhaa baadaye. Sisemi kwamba visima vya Bamburi vina aseniki. Nasema kwamba sisi tuna aseniki yetu tuliyoileta wenyewe, nayo, kwa mara nyingine, tumeiita dawa. Majosho ya ng'ombe katika Afrika ya Mashariki yalitumia aseniki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20: dawa ya kupe. Nguzo na fito nyingi zenye rangi ya kijani hulindwa dhidi ya mchwa kwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki: mti uliotiwa dawa. Mti huo ukiwa umesimama haumdhuru mpita njia. Lakini vipande vyake vikikatwa na kuokotwa, vikatiwa jikoni kuwa kuni za chai, aseniki hubakia kwenye majivu na kupanda na moshi, na majivu hayo wapo wanaoyatumia kusugulia masufuria. Neno dawa halikumwonya mpishi.

Na ili nisije nikaeleweka vibaya: dawa ya maji, yaani klorini, ni dawa kweli. Ni kweli kwamba uchunguzi wa Ulaya umehusisha mabaki fulani ya klorini kwenye maji ya bomba na sehemu ndogo ya saratani za kibofu. Lakini kipindupindu huua kwa siku mbili, na pwani hii inakijua. Mama anayetia klorini kwenye mtungi wa maji ya kisima na aendelee kutia, kwa kipimo kilichoandikwa, bila kuzidisha.

Msomaji atakumbuka kisa cha Owino Uhuru, kule Jomvu, upande wa pili wa kisiwa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri za magari kilianza kazi hapo mwaka 2007 kikagusana ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo, aliongoza wakazi kudai kifungwe, na kikafungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Madhara ya risasi ni zaidi ya ubongo, damu na figo, kwa hiyo kisa hicho si cha kibofu moja kwa moja. Nakitaja kwa sababu nyingine. Owino Uhuru palikuwa na bomba moja la moshi, sumu moja yenye jina, na watoto ambao damu yao ilipimwa. Ijapokuwa hivyo, ilichukua muda wote huo. Sasa mfikirie mpaka rangi wa miaka 60, ambaye sumu yake ilitoka kwenye makopo elfu ya makampuni mengi, aliyevuta sigara pia, aliyekunywa maji ya visima vitano katika maisha yake. Atamshtaki nani? Kwake yeye mahakama haina msaada. Kinga yake ni taarifa, na taarifa huja kwa maneno.

Hapo ndipo haya zetu zinapotugharimu. Dalili kuu ya saratani ya kibofu ni damu kwenye mkojo, na mara nyingi damu hiyo haiji na maumivu. Huonekana siku moja, ikatoweka wiki tatu, mwenyewe akamshukuru Mungu. Katika pwani hii damu kwenye mkojo ina jina lake tayari: kichocho. Kila aliyeoga mabwawani Kwale au Kilifi utotoni analijua. Na kichocho chenyewe si cha kudharauliwa, kwa kuwa mayai ya minyoo wale, ambao Theodor Bilharz aliwagundua Kairo mwaka 1851, hukwaruza kibofu kwa miaka na huweza kuleta saratani ya aina yake. Vidonge vya prazikwanteli hukitibu. Lakini mzee wa miaka 62 anayekojoa damu kisha akasema "ni kichocho cha zamani kimerudi" amejipa jibu kabla ya swali. Mwenzake atasema ni tezi dume, kwa kuwa ndiyo habari ya wazee siku hizi. Wa tatu hatasema kitu, akichelea asidhaniwe ana kisonono. Wanawake nao hupewa vidonge vya maambukizi ya mkojo mara tatu, mara nne, bila mtu kuutazama mkojo wenyewe, na wao ndio huchelewa zaidi. Ulimwenguni mwaka 2022 watu wapatao 614,000 waligunduliwa kuwa na saratani hii na kiasi cha 220,000 walikufa kwayo. Wanaume ni wengi kuliko wanawake kwa zaidi ya mara tatu, jambo linalowafanya waganga wasiwashuku wanawake mapema.

Lugha yetu haikosi maneno ya shughuli hiyo. Tunayo haja ndogo, kujisaidia, kwenda msalani, na yote yametungwa ili tusiseme tunachokisema. Adabu hiyo naipenda na sitaki ife. Lakini nimesikia wazee wakimwuliza sheikh, baada ya darsa ya magharibi, kama udhu wao unasihi iwapo mkojo unadondoka au una rangi, na sheikh akawajibu kwa upole na kwa ukamilifu, hukumu baada ya hukumu. Kumbe jambo linasemeka! Mtu huyo huyo akifika zahanati hunong'ona kwamba "mgongo unauma". Ningefurahi kama masheikh na wachungaji wetu wangeongeza sentensi moja kwenye jibu lao: udhu wako ni hivi, na kesho asubuhi nenda ukapimwe mkojo. Kipimo cha kwanza ni kijiti cha karatasi kinachochovywa kwenye kikombe, na majibu hutoka kabla mgonjwa hajavaa viatu. Kikionyesha damu na kichocho kikakosekana, mgonjwa mzima apelekwe achunguzwe kibofu kwa darubini, hata ikiwa ni lazima avuke daraja la Nyali kwenda hospitali kuu.

Upande wa serikali, sidai jambo la ajabu. Katiba ya mwaka 2010 imesema katika Ibara ya 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 42 imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 46 imempa mnunuzi haki ya kupewa taarifa na kulindwa afya yake. Kuhusu sigara tulikwisha fanya, kwani Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliagiza onyo liandikwe kwa lugha zote mbili, na paketi hazikuanguka kwa uzito wa Kiswahili. Kwa nini basi kopo la thina, pakiti ya rangi ya ukili na chupa ya rangi ya nywele visiandikwe vivyo hivyo, kwa herufi ambazo mtu wa miaka 50 anaweza kuzisoma bila miwani? Na katika kuandika huko, Shirika la Viwango na wataalamu wa lugha wakae meza moja wakubaliane kwamba neno dawa libaki kwa kinachoponya. Kinachoua kiitwe sumu: sumu ya panya tayari husemwa, na sumu ya mchwa itasemeka. Kinachobadilisha sura kiitwe kwa kazi yake: kiyeyushi, kinyoosha nywele, kilinda mbao. Maneno haya yatachekwa mwanzoni. Hata "barakoa" ilichekwa, na mwaka 2020 kila kondakta wa matatu alikuwa akilitamka.

Zahanati nazo ziongeze maswali mawili kwenye fomu ya mgonjwa aliyepita miaka 40, kwa Kiswahili, yaulizwe faraghani na mhudumu wa jinsia yake inapowezekana. La kwanza: umewahi kuona damu kwenye mkojo wako, hata mara moja, hata bila maumivu? La pili: tangu ujana wako umefanya kazi gani, na ulikuwa ukishika nini kwa mikono yako?